Zaka ni nini, na kwa nini si fungu la kumi

Mama mdogo wangu wa Kibosho ni Mkatoliki, na hutoa zaka, yaani fungu la kumi, parokiani kwake. Mimi ni Mwislamu wa Moshi mjini, nami hutoa zaka. Desemba tukikutana nyumbani neno hilo hutuchanganya. Yeye hudhani kila mwezi nampelekea sheikh sehemu ya kumi ya mshahara. Vijana wetu wa Kiislamu nao, nikiwauliza, wengi hunijibu kuwa zaka ni ile noti anayotoa mtu msikitini baada ya swala ya Ijumaa. Ile ni sadaka. Zaka ni jambo jingine, na inaniuma kuona nguzo nzima ya dini inafifia kwa sababu tu watu hawajafundishwa hesabu yake.

Uislamu una nguzo tano: shahada, swala, zaka, saumu ya Ramadhani, na hija kwa mwenye uwezo. Zaka ni ya tatu. Kwa Kiarabu neno lenyewe lina maana ya kutakasika na kukua, na katika sheria ni kiwango maalumu kinachotolewa katika mali maalumu, kwa watu maalumu. Qurani inaitaja kuwa ni haki ya mwenye kuomba na ya yule asiyeomba, katika mali ya wenye nacho. Ukishalielewa hilo neno haki, mengine yote yanakaa sawa. Mwenye duka akimpa fukara zaka yake hajamfadhili, amemkabidhi kilicho chake. Sadaka unatoa ukipenda na kiasi upendacho, lakini zaka ni faradhi, na kuichelewesha bila udhuru ni dhambi.

Tofauti na zaka ya mama mdogo iko hapa. Fungu la kumi huhesabiwa kwenye kile kinachoingia. Zaka ya fedha huhesabiwa kwenye kile kilichobaki mkononi mpaka mwaka ukatimia. Mali inatakiwa ifikie nisabu, yaani thamani ya gramu 85 za dhahabu, na wako wanazuoni wanaopima kwa gramu 595 za madini ya fedha ili maskini wapate zaidi. Kisha ipitiwe na hauli, mwaka mmoja wa Kiislamu, ambao ni siku 354 hivi. Hapo unatoa sehemu moja katika 40, yaani asilimia 2.5. Mshahara ulioliwa wote kabla ya mwaka kwisha hauna zaka.

Chukua mfanyabiashara wa mitumba soko la Memorial. Siku hauli yake inapotimia anahesabu mzigo alionao kwa bei ya kuuzia siku hiyo: tuseme shilingi milioni 30. Benki na kwenye simu ana milioni 6, na wateja wa kuaminika wanadaiwa milioni 4. Jumla milioni 40, zaka yake milioni 1. Meza, vibanda vya kutundikia na pikipiki ya kubebea mzigo haviingii, kwa sababu haviuzwi. Broka wa tanzanaiti anafuata njia hiyo hiyo. Kwa Imamu Shafi, madini yanayotolewa zaka yanapochimbwa ni dhahabu na fedha tu, kwa hiyo jiwe la Mirerani halina zaka kwa kuwa jiwe. Linaingia pale linaponunuliwa ili liuzwe.

Shambani sheria inabadilika kabisa, na hapa ndipo ninapopapenda. Mazao hayangoji mwaka. Qurani imeamrisha haki yake itolewe siku ya kuvuna. Nisabu yake ni pishi 300, ambazo wanazuoni wengi wa leo wanazikadiria kuwa kilo 653, yaani magunia sita na nusu ya kilo mia. Mahindi ya mvua yanatolewa sehemu ya kumi. Yaliyomwagiliwa kwa pampu yanatolewa nusu yake, asilimia 5, kwa sababu mkulima amegharamika. Sasa, mlimani kwetu kuna mifongo, ile mifereji ya Wachaga inayoshusha maji ya mto mpaka shambani bila mashine. Je, huo ni umwagiliaji wa gharama? Wanazuoni wa Kishafi wanasema maji yanayotiririka yenyewe kwenye mfereji yana hukumu ya mvua, hata kama uliuchimba kwa jasho. Mwenye magunia 20 ya mahindi ya mfongo anatoa mawili. Jirani yake wa tambarare anayechoma dizeli anatoa moja.

Ndizi na kahawa, vitu viwili vilivyoijenga nyumba ya Mchaga, kwa Shafi havina zaka ya mazao. Zaka iko kwenye chakula kikuu kinachokaa ghalani, kama mahindi, mpunga na maharage. Kwa Imamu Abu Hanifa chochote kinachooteshwa kwa kulimwa kina zaka, mkungu wa ndizi ukiwemo. Waislamu wengi wa Tanzania ni Sunni wa madhehebu ya Shafi, na Hanafi utawakuta zaidi katika familia zenye asili ya India na Pakistani. Hawagombani kwa hili. Wote wanakubali faradhi, wakatofautiana katika kuifahamu dalili, yaani ushahidi wa maandiko. Fedha ya kahawa, hata kwa Shafi, ikikaa mwaka na kufikia nisabu inatolewa zaka kama fedha nyingine.

Kwa wafugaji, ng'ombe 30 wanatolewa ndama mmoja wa mwaka, na 40 wanatolewa mtamba wa miaka miwili. Mbuzi au kondoo 40 wanatolewa mmoja, na wakifika 121 wanatolewa wawili. Sharti, kwa wanazuoni wengi, ni kwamba wawe wa kuchungwa malishoni. Kwa hiyo Mwislamu wa Longido mwenye kundi nyikani analo deni, na bibi wa Machame anayemkatia ng'ombe wake majani akiwa bandani hana.

Mashia Ithnaasheri, wenye misikiti yao Arusha na Moshi, wanayo zaka pia, lakini wanaiwajibisha katika vitu tisa tu vya nafaka, matunda makavu, mifugo, dhahabu na fedha. Mzigo wao mkubwa ni khumsi, sehemu moja ya tano ya kile kilichobaki baada ya matumizi ya mwaka. Asiyejua hilo humwona jirani yake wa Kishia hatoi zaka ya duka, akamdhania vibaya bure.

Zaka haijengi msikiti wala hailipi mapambo yake, kwa kauli ya wengi. Surat Tawba, aya ya 60, imetaja wa kupewa: fukara, maskini, wanaoikusanya, wanaovutwa nyoyo zao kwenye Uislamu, watumwa wa kukombolewa, wenye madeni, njia ya Mwenyezi Mungu, na msafiri aliyekwama. Baba, mama na watoto wako unaowalisha huwapi, maana matunzo yao tayari ni juu yako. Kaka mwenye shida au shangazi mjane anapewa, tena ana ubora kuliko wa mbali.

Mama mdogo aliwahi kuniuliza, "Na mimi mwanangu, nikikwama, utanipa?" Nilimjibu ukweli. Wanazuoni wengi hawampi zaka asiye Mwislamu, isipokuwa katika lile fungu la wanaovutwa nyoyo, lakini sadaka na zawadi hazina mpaka huo, na kumtunza ndugu wa damu ni wajibu wangu awe na dini gani. Mchele wa sikukuu humfikia kila mwaka.

Usiichanganye tu na zaka ya fitri. Hiyo inakwenda kwa kichwa, mtoto mchanga akiwemo, na hutolewa kabla ya swala ya Idi: pishi moja, vibaba vinne, kiasi cha kilo 2.2 hadi 2.5 kwa kila mtu. Hata nyumba inayokula mtori wa ndizi kila siku haitoi ndizi. Kwa Shafi inatolewa nafaka, ndiyo maana siku za mwisho za Ramadhani wauza mchele wa soko la Mbuyuni wanapimia watu hadi usiku.