Gripu ya betri haikuongezei ukali wa picha

Wiki hii tena. Kijana anayepiga picha za harusi huko Ngamiani, hapa Tanga, kaja na pesa taslimu, kaniamkia kwa adabu zote, kisha kaniomba nimtafutie gripu ya betri, kile kishikio chenye betri kinachofungwa chini ya kamera, "ili picha zitoke kali kama zako, kaka." Nimemrudishia pesa zake. Maneno hayo hayo nimeyasikia kwa wapigapicha wenzangu, kwa wenye kumbi, hata kwa wajomba wa bibi harusi, na nimechoka kuyajibu mmoja mmoja. Nayaandika hapa yaishe.

Ukali wa picha unatoka kwenye lenzi, fokasi, mwanga na spidi ya shata, lile pazia linalofunguka kuingiza mwanga. Sensa, kipande kinachopokea picha, haijui kama chini ya bodi (kamera yenyewe bila lenzi) kumefungwa kitu. Flashi unayoichomeka juu ya kamera ina betri zake 4 kama zile za rimoti, haichukui chochote kutoka kwenye gripu. Na betri mbili za LP-E6, zile za kamera nyingi za Canon, ndani ya gripu haziipi kamera nguvu maradufu. Kila moja ni volti 7.2, na kamera inaendelea kupokea volti hizo hizo 7.2. Unachoongeza ni muda wa kufanya kazi, basi. Kamera ikichemka kwenye video ndefu, gripu haiipozi.

Kuna lingine linaloniudhi zaidi ya hayo yote: "Gripu inaongeza spidi," yaani idadi ya fremu (picha) kwa sekunde. Linaniudhi kwa sababu lina chembe ya ukweli, na ukweli wenyewe umeshasahaulika. Nikon D300 ya mwaka 2007 ilikuwa inapiga fremu 6 kwa sekunde, na D700 ya 2008 ilikuwa inapiga 5. Ukizifungia gripu ya MB-D10, zote mbili ziliweza kufika 8. Watu waliona, wakasimuliana, na simulizi hiyo imeendelea kuishi hata kwa vijana ambao hawajawahi kuishika D700. Kilichopotea njiani ni sharti lake. Ukiweka ndani ya MB-D10 betri ile ile ya kawaida, EN-EL3e ya volti 7.4, hupati hata fremu moja ya ziada. Spidi ilikuja ulipoweka EN-EL4a, ile betri nene ya kamera kubwa kama D3, yenye volti 11.1, au ulipopanga betri ndogo 8 za AA. Kilichokisukuma kioo na shata haraka zaidi ni volti. Gripu ilikuwa mahali pa kuiweka betri hiyo, kwa sababu ndani ya bodi isingeingia.

Nikon D850 ni hadithi ile ile: fremu 7 ikiwa peke yake, 9 ukiifungia gripu ya MB-D18 pamoja na betri ya EN-EL18b. Ukiifungia MB-D18 na betri yake ya kawaida ya EN-EL15, inabaki 7. Umebeba mzigo bure, kama spidi ndiyo uliyoifuata.

Sasa anakuja mwenye Canon 80D, muuzaji kamwambia gripu ya BG-E14 itamfungulia spidi. 80D inapiga 7 na gripu, inapiga 7 bila gripu. 5D Mark IV, 7 na 7. Sony A7 III, 10 na 10. Nikiyasema haya naambiwa nawabania vijana wasipande! Kinachokaribia kuwa kweli kwa kamera za sasa ni hiki: baadhi yake, kama EOS R6, hupunguza spidi chaji ikishuka, au ukitumia betri ya LP-E6N ya zamani badala ya LP-E6NH. Dawa hapo ni betri sahihi iliyojaa, na inafanya kazi vizuri tu ikiwa ndani ya bodi.

Je, gripu ina faida? Ina faida kubwa, kwa mtu anayepiga picha nyingi za wima.

Gripu ina kitufe cha pili cha shata, gurudumu lake, na ile nzuri ina pia kijiti cha kuhamishia pointi ya fokasi. Ukiisimamisha kamera wima, mkono wa kulia unabaki chini na kiwiko kinakaa ubavuni. Bila gripu mkono huo unapanda usawa wa paji la uso, kiwiko kinabaki hewani, na kila unapobonyeza shata unaizungusha kamera kidogo kwenye mhimili wa lenzi. Mzunguko huo hauzuiliwi na stebilaiza, kifaa cha kutuliza mtikisiko, ya ndani ya lenzi. Hiyo inashughulika na kamera inapoinama juu na chini au kuyumba kushoto na kulia. Unaoweza kuuzuia ni mfumo wa kwenye sensa, na bodi nyingi za zamani hazina.

Hapa kuna mtu atanikamata: si umesema gripu haiongezi ukali? Nashikilia nilichosema. Ukiwa na bodi ya zamani, ukumbini taa zimefifishwa, shata iko 1/60 ya sekunde na umeanza kuchoka, kiwiko kilichotulia kitakuokolea fremu ambazo zingetikisika. Lakini aliyeziokoa ni mkao wako. Anayejua kubana viwiko, kuegemea nguzo na kutoa pumzi kabla ya kubonyeza anapata sehemu kubwa ya faida hiyo bila kulipa shilingi. Nimewaona wenye gripu wanaosimamisha kamera wima na bado wanapandisha mkono juu kutafuta kitufe cha kawaida, miezi baada ya kuinunua. Wengine kitufe cha chini kimefungwa kwa swichi yake na hawana habari.

Harusi zetu za Tanga zina wima nyingi. Bibi harusi amesimama na shela lake, mkono wenye hina umeshikwa karibu na uso, kungwi kamsimamia pembeni: hizo ni fremu za wima. Na sasa kila mtu anataka picha za kujaza simu nzima kwenye status, hivyo wima zimezidi. Ila usiamini maneno yangu. Fungua folda ya kazi yako ya mwisho, tazama mwenyewe. Kama kazi yako ni mikutano, majengo, au mechi za Coastal Union pale Mkwakwani, utakuta mlalo umetawala, na gripu utaibeba kwa ajili ya picha chache.

Uzito nao useme. 5D Mark IV na lenzi ya 70-200 f/2.8 zimeshapita kilo 2. Ongeza gripu na betri ya pili, takriban gramu 400, unaelekea kilo 3, shingoni, kuanzia nyumbani kwa bibi harusi hadi wageni wa mwisho ukumbini. Mafunzo mengi yanadai gripu inaleta mizani kwa lenzi nzito. Nina shaka na dai hilo. Lenzi kama hiyo inabebwa na mkono wa kushoto, na uzito wake uko mbele. Gramu 400 za nyuma hazibadilishi mengi. Ninachokiona ni kwamba kiganja kinapata pa kukaa, hasa kwenye bodi ndogo za miralesi, kamera zisizo na kioo ndani, ambapo kidole cha mwisho kinabaki kinaning'inia. Kwa tatizo hilo kuna vibao vidogo vya kurefusha mshiko, na ni vyepesi zaidi.

Upande wa betri sina mengi. Betri ya pili mfukoni ina nishati ile ile. Kinachonunuliwa ni kutosimama katikati ya ijabu na kabuli, yale maneno ya kufungia ndoa, na hilo nalithamini, kwa sababu shehe hatarudia kwa ajili yako. Kwa taimulapsi (picha za kila baada ya muda zinazounganishwa kuwa video) ya usiku kucha gripu inalipa kabisa. Usichanganye ndani yake betri halisi na ya kuigiza, wala mpya na iliyochoka.

Kuhusu gripu za bei rahisi: inashikiliwa na skrubu moja kwenye tundu la tripodi, na skrubu hiyo hulegea. Ikilegea, mguso wa umeme unapotea na kamera inazima wakati mbaya kuliko wote. Nyingi pia hazina mipira ya kuzuia maji kama bodi yako, na upepo wa Raskazone una chumvi inayokula chuma. Kaza skrubu kila kabla ya kazi, futa miguso kwa kitambaa kikavu ukirudi kutoka ufukweni. Mlango wa betri unaoung'oa kwenye bodi, uweke kwenye nafasi yake ndani ya gripu kama ipo. Nimeshaona mingi ikipotea.

Lipo jambo moja linalonisumbua na sijalimaliza moyoni. Kamera yenye gripu inaonekana kubwa, na ukubwa huo unafungua njia. Ukumbini simu za mashangazi zinashuka, mlangoni hauulizwi wewe ni nani, na wapo wateja wanaokubali bei bila kuvutana. Sipendi, maana hicho ndicho kinachowalisha vijana imani hii, lakini ningekuwa mwongo nikisema hakipo. Anayeniuliza kama anunue kwa sababu hiyo pekee namwambia hapana, anunue kwanza flashi ya pili, na namwambia huku nikijua kwamba flashi ya pili haitampitisha mlangoni kwa wakwe.