Attenborough: jina la mtu aliyeondoka

Kijijini Attenborough kwenyewe, huko Uingereza, hakuna ambaye angeitwa Attenborough. Ukilishika hilo tu, umeshafika mbali katika historia ya jina hili.

Wasomaji wengi wa Kiswahili wanalijua jina lenyewe kwa sauti ya mtu mmoja. David Attenborough, mtangazaji wa vipindi vya wanyama, alikaa katikati ya gorila wa milimani nchini Rwanda mwaka 1978, na picha zile zilipoonyeshwa mwaka 1979 zilizunguka dunia nzima. Kaka yake, Richard Attenborough, aliyefariki mwaka 2014, alikuwa mwigizaji na mwongozaji wa filamu. Kwa sababu ya ndugu hawa wawili, watu hudhani jina hili limejaa Uingereza yote. La hasha. Ni jina adimu, na kwa mtu wa nasaba kama mimi majina adimu ndiyo matamu, maana yana uwezo wa kukuonyesha mahali yalipozaliwa. Smith, yaani mhunzi, hawezi. Katika sensa ya 1881 akina Smith walizidi 400,000, na kila kijiji kilikuwa na mhunzi wake, kwa hiyo jina lilizaliwa mara nyingi mahali pengi. Ukimuuliza Smith ametoka wapi, jina lake halina jibu.

Mfikirie Mchaga aliyehamia Mtwara kufungua duka. Majirani watamwita Mchaga, na wanawe wataitwa watoto wa Mchaga. Moshi jina hilo halina kazi, kwa kuwa halimtofautishi na mtu yeyote. Nisba za pwani yetu, yaani majina ya mahali mtu alikotoka, zimefuata njia hiyo hiyo. Sheikh Uways bin Muhammad, aliyeuawa mwaka 1909, tunamjua kwa nisba ya al-Barawi kwa sababu tariqa yake na sifa zake zilitoka Barawa, mji wa pwani ya Somalia, zikavuka bahari hadi Unguja. Ndani ya Barawa, Mbarawa ni nani na asiye Mbarawa ni nani?

Majina ya Kiingereza yanayotokana na vijiji yalizaliwa vivyo hivyo. Mtu ameondoka kwao, amefika kijiji cha pili au cha tatu, karani wa bwana mwenye ardhi anataka kumwandika kwenye orodha ya kodi. Pale wapo akina John wanne. Huyu ni yupi? Yule aliyetoka Attenborough. Basi limeandikwa.

Tofauti kubwa na kwetu imekuja baadaye. Kwetu Ali ni mtoto wa Juma, anaitwa Ali Juma, na mwanawe ataitwa Hamisi Ali. Jina la nyuma linasogea kila kizazi. Kule jina liliganda. Mtoto wa yule mhamiaji aliitwa Attenborough ingawa huenda hakuwahi kukanyaga kijiji hicho, na mjukuu vilevile. Desturi ya kurithisha majina ilianza kwa wakubwa wa Kinormani, walioiteka Uingereza kutoka Ufaransa mwaka 1066, ikashuka polepole kwa wakulima na mafundi, na kufikia takriban mwaka 1400 Waingereza wengi walikuwa na jina la ukoo lisilobadilika. Ndiyo maana jina leo ni kama kisukuku ndani ya jiwe: limehifadhi safari moja fupi ambayo mtu mmoja aliifanya miaka zaidi ya 600 iliyopita.

Kijiji chenyewe kipo kando ya mto Trent, kusini magharibi mwa jiji la Nottingham. Kina kanisa la zamani la Mtakatifu Maria lenye mnara uliochongoka, na nyuma yake maji yametanda. Katika maandishi ya karne ya 12 jina la kijiji limeandikwa Adinburcha. Sehemu ya mwisho ni neno la Kiingereza cha kale, burh, yaani mahali palipozungushiwa ngome. Sisi tungesema boma. Sehemu ya mwanzo ni jina la mtu, Adda au Æddi. Kwa hiyo Attenborough ni boma la Adda.

Hapa pana mtego ambao nimewaona wengi wakinaswa nao. Kiingereza cha zama za kati kilikuwa na neno atten, lenye maana ya "kwenye" au "penye", na kimezaa majina mengi ya ukoo. Aliyeishi penye mti wa ash aliitwa atten ash, matamshi yakateleza, herufi n ikahamia upande wa pili, na leo tuna ukoo wa Nash. Wa penye mialoni wakawa Noakes. Kwa hiyo ni rahisi sana kulitazama jina Attenborough ukasema: aha, ni "penye boma", boma lolote lile. Kama ingekuwa hivyo, jina lingezaliwa mahali pengi, kwa sababu Uingereza haikukosa maboma. Sarufi peke yake haiwezi kuamua kesi hii. Ramani inaweza.

Ramani tunayoitegemea zaidi ni ile ya sensa ya 1881. Sensa za Uingereza zimehesabu watu kila miaka 10 tangu 1801, isipokuwa 1941, na kuanzia 1841 majina ya watu wote yaliandikwa kwa utaratibu, lakini ile ya 1881 ndiyo iliyonakiliwa yote mapema na kuingizwa kwenye kompyuta, na ilifanyika wakati watu wengi walikuwa bado hawajasambaa mbali na asili zao. Ninachofanya ni kuhesabu wenye jina katika kila kaunti, kisha nagawanya kwa idadi ya watu wote wa kaunti hiyo. Hatua hiyo ya pili ndiyo yenye uzito. Ukihesabu vichwa tu, karibu kila jina la Uingereza litaonekana limetoka London, kwa sababu London imemeza watu wa kila kona. Ukihesabu kwa uwiano, London inazama na asili inaibuka.

Kwa jina Attenborough kinaibuka kitovu kimoja: Nottinghamshire, na upande wa Derbyshire unaopakana nayo. Havionekani vitovu vitano au kumi vya watu waliokaa "penye maboma" ya nchi nzima. Kipo kimoja, na kijiji cha Attenborough kipo ndani yake. Tahajia za pembeni, kama Attenborrow na Attenburrow, ninazihesabu pamoja nalo, maana makarani waliandika walivyosikia. Aliyetajwa hakujua kusoma, angewezaje kumsahihisha?

Nikiwa mwanafunzi nilishangaa kwa nini mtu aliyeondoka kijijini karne ya 14 aache uzao unaoonekana kilomita chache tu kutoka hapo katika karne ya 19. Jibu nililipata nilipoacha kutazama ramani nikaanza kutazama maisha yao. Wakulima wengi wa zama za kati walifungwa na ardhi ya bwana wao, na hata waliokuwa huru walienda kwa miguu. Soko la wiki, shamba la kukodi, mchumba wa kuoa, vyote vilipatikana ndani ya mwendo wa siku moja. Halafu viwanda vilipokuja, eneo hili halikulazimika kuwapeleka vijana wake mbali: Nottingham ilikuwa na kazi za lesi na soksi, na bonde la mto Erewash lilikuwa na migodi ya makaa ya mawe. Kazi iliwafuata walipo.

Kijiji hiki kinatupa pia ushahidi wa upande wa pili, na mimi naupenda kuliko wote. Mwana maarufu zaidi aliyezaliwa Attenborough anaitwa Henry Ireton. Alizaliwa mwaka 1611, akawa jenerali upande wa Bunge katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, akamwoa Bridget, binti ya Oliver Cromwell, na mwaka 1649 alikuwa miongoni mwa waliotia sahihi hati ya kuuawa kwa mfalme Charles I. Sasa Ireton ni nini? Ni jina la vijiji vya kaunti jirani ya Derbyshire. Mtoto wa Attenborough anabeba jina la Ireton, na wanaobeba jina la Attenborough wako vijiji vya jirani. Kila jina liko nje ya kwao.

Kwa nini basi jina limebaki adimu? Karne ya 19 mwanasayansi Mwingereza Francis Galton aliuliza swali hilo kwa lugha ya hesabu, naye mwanahisabati Henry William Watson akamsaidia kulijibu katika miaka ya 1870. Jina la ukoo la Kiingereza lilipita kwa wana wa kiume. Mwenye mabinti watupu, jina lake linaishia kwake hata kama wajukuu ni 30. Ukiyaacha mambo yaende kwa bahati hiyo kizazi baada ya kizazi, mistari mingi hukatika yenyewe, na michache hupanuka. Ongeza tauni kuu ya 1348 na 1349, iliyoua Waingereza kati ya theluthi na nusu, na utaona kwamba jina lililoanzishwa na mtu mmoja au wawili lilikuwa uzi mwembamba mno. Tunayoyaona leo ni yale ambayo uzi wake haukukatika.

Hilo ndilo linalotufikisha kwenye vinasaba. Kromosomu Y, kifungu cha vinasaba walicho nacho wanaume, hupita kutoka kwa baba kwenda kwa mwana wa kiume, njia ile ile ya jina, na hubadilika kidogo kidogo. Turi King na Mark Jobling wa Chuo Kikuu cha Leicester walipima wanaume 1,678 wenye majina 40 ya Kiingereza, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2009. Wanaume wawili walioitwa Smith hawakuwa na uhusiano zaidi ya watu wawili waliookotwa barabarani. Lakini katika majina adimu kama Attenborough na Swindlehurst, zaidi ya asilimia 70 ya waliopimwa walikuwa na kromosomu Y ya aina moja au zinazokaribiana sana. Maana yake ni kwamba wengi wao wanatoka kwa babu mmoja. Ramani ilitupa kijiji kimoja. Vinasaba vikatupa mtu mmoja. Mimi baada ya hapo sioni nafasi iliyobaki kwa hoja ya "penye boma".

Wale waliobaki, wasiolingana na wenzao, si lazima iwe fedheha, kama wengi wanavyokimbilia kufikiri. Mtoto wa kulelewa huchukua jina la aliyemlea. Mwanamke asiyeolewa humpa mwanawe jina lake mwenyewe. Watafiti wale walikadiria kwamba kukatika kwa namna hiyo, kwa sababu zote zikiwekwa pamoja, ni kati ya asilimia 1 na 4 na ushei kwa kila kizazi. Ni kidogo, lakini vizazi 20 si mchezo.

Na wakati mwingine vinasaba huleta mgeni ambaye jina lilimficha kabisa. Mwaka 2007 watafiti hao hao wa Leicester na wenzao walitangaza habari za jina moja adimu la mashariki mwa Yorkshire. Kati ya wanaume 18 wenye jina hilo, 7 walikuwa na kromosomu Y ya kundi A1, ambalo kabla ya hapo lilikuwa limeonekana kwa watu wenye asili ya Afrika Magharibi tu. Ni Waingereza weupe, hakuna aliyewahi kusimuliwa kwamba ana babu Mwafrika. Matawi yao ya ukoo yalifuatiliwa hadi wanaume wawili waliozaliwa Yorkshire katika miaka ya 1780. Mwafrika mwenyewe anaweza kuwa aliingia karne chache kabla ya hapo, kwa njia ya biashara ya utumwa, au mapema zaidi: askari Wamauri, watu wa Afrika Kaskazini waliokuwa katika jeshi la Roma, walilinda ukuta wa Hadrian kaskazini mwa Uingereza katika karne ya 3. Ninapowafundisha vijana kazi hii, huwa naanza na habari hiyo kabla hawajaanza kuliamini jina kupita kiasi.

Leo akina Attenborough wanapatikana London, Australia, Kanada na Marekani. Tawi la London lilionekana mapema: karne ya 19 wapo waliokuwa wafanyabiashara wa kukopesha kwa rehani, na duka lao mojawapo lilikuwa kwenye pembe ya Fleet Street na Chancery Lane. Hata hivyo, ukipiga tena hesabu ya uwiano kwa kutumia daftari la wapiga kura la miaka ya karibuni, kitovu bado kiko Nottinghamshire na Derbyshire. Alama yake imefifia ukilinganisha na 1881, lakini haijahama.

Frederick Attenborough, baba wa wale ndugu wawili maarufu, alizaliwa mwaka 1887 Stapleford, mji mdogo ulio kilomita chache tu kutoka kijiji cha Attenborough. Mwaka 1932 akawa mkuu wa chuo cha Leicester, kile kile ambacho baadaye kilikuja kuwa chuo kikuu cha watafiti wa kromosomu Y. Na yale maji yaliyotanda nyuma ya kanisa ni mashimo ya kuchimba kokoto, yaliyoanza kuchimbwa mwaka 1929 na baadaye kugeuzwa hifadhi ya ndege. Hifadhi ilipofunguliwa mwaka 1966, aliyealikwa kuifungua alikuwa David Attenborough.