Kujaribisha kanuni sio kuvunja sheria: yanayosemwa kuhusu viwanda vya kaboni kidogo na ukweli wake

Ukiongea na watu kuhusu viwanda kuachana na makaa ya mawe na gesi utaambiwa tatizo ni pesa, au teknolojia bado. Sawa, ila kuna kikwazo kingine kinasahaulika sana nacho ni kanuni zenyewe, maana nyingi ziliandikwa enzi za makaa na bomba la gesi, afu kiwanda kikitaka kubadilika kinakuta kinaadhibiwa kwa kubadilika. Ndo hapo linakuja wazo la kujaribisha kanuni, wengine wanaita sandiboksi, yaani mdhibiti anauruhusu mradi fulani, sehemu fulani, kwa muda fulani, usibanwe na kifungu fulani huku yeye anaangalia nini kinatokea. Nalipenda sana hili wazo, ndo maana naumia nikisikia linavyopotoshwa.

"Hiyo ni njia ya wakubwa kukwepa sheria za usalama."

Hapana, na mfano mzuri uko Uingereza. Kanuni zao za gesi za 1996 zinaruhusu haidrojeni isizidi asilimia 0.1 kwenye bomba la gesi ya majumbani. Mradi wa HyDeploy ulitaka kuchanganya mpaka asilimia 20, mara mia mbili ya kiwango hicho, kwenye chuo kikuu cha Keele. Hawakuamka tu wakafungulia valvu. Walipita kukagua majiko na boila za watu, wakapeleka ushahidi kwa mamlaka ya usalama, na mwaka 2018 ndo wakapewa msamaha, wa eneo lile tu. Keele ilifaa kwa sababu chuo kina mtandao wake wa gesi, nyumba kama 100 na majengo ya chuo kama 30, kwa hiyo likitokea lolote halivuki hapo. Baadaye ndo wakahamia Winlaton, karibu na Gateshead, kwenye mtandao wa kawaida wa mtaani wenye nyumba 668. Hebu niambie, mkwepa sheria gani anakaguliwa namna hiyo?

Na sheria ya Umoja wa Ulaya ya viwanda visivyoongeza kaboni, iliyoanza kutumika Juni 2024, imeruhusu sandiboksi za namna hii na imeandika wazi kwamba ukimletea mtu mwingine madhara unawajibika kama kawaida, na hatari kubwa kwa afya au mazingira ikionekana jaribio linasimamishwa palepale mpaka ipatiwe ufumbuzi.

Niongeze kitu hapa maana watu huchanganya. Jaribio kwenda salama haimaanishi teknolojia ndo jibu. Haidrojeni asilimia 20 kwa ujazo inapunguza kaboni kama asilimia 7 tu hivi, kwa sababu ujazo uleule wa haidrojeni una nishati kama theluthi moja ya ile ya gesi asilia. Keele ilijibu swali la usalama. Kama inafaa kutumia hela huko au la, hilo ni swali lingine na lina haki ya kuulizwa.

"Kila mwenye wazo jipya anahitaji sandiboksi."

Ofgem, mdhibiti wa nishati wa Uingereza, alifungua dirisha la maombi 2017 akagundua wengi waliokuja hawakuhitaji msamaha wowote, walihitaji mtu wa kuwaeleza kanuni zinasemaje. Walichotaka kufanya kilikuwa kinaruhusiwa tayari!

"Haya ni mambo ya Ulaya."

Tanzania tangu 2008 ina utaratibu wa wazalishaji wadogo wa umeme, mkataba wa kuiuzia TANESCO umeshaandikwa mapema badala ya kila mtu kuvutana nao mwanzo mpaka mwisho, na mwenye mtambo wa chini ya kilowati 100 hakulazimika kwanza kupeleka bei zake kwa mdhibiti wa nishati, EWURA, ziidhinishwe. Mtambo wa maji wa Mwenga kule Mufindi, megawati 4, umepita njia hiyo na umeme wake unafika kwenye shughuli za chai, vijijini na kwenye gridi. Hakuna aliyeuita sandiboksi, lakini ni wazo la ukoo uleule: uzito wa kanuni ulingane na ukubwa wa mradi.

"Jaribio likifanikiwa, kanuni itabadilika tu yenyewe."

Hili ndo linaniuma kuliko yote, na hapa twende Ujerumani. Kaskazini kuna upepo mwingi mpaka siku zingine mitambo inazimwa kwa sababu nyaya za kupeleka umeme kusini zimejaa. Akili ya kawaida inasema viwanda vya Hamburg vivute umeme zaidi saa hizo. Kumbe kuna kanuni inayokipa kiwanda punguzo la ada ya gridi, linaloweza kufika asilimia 80 mpaka 90, kikitumia umeme bila kupanda na kushuka, angalau masaa 7,000 kwa mwaka, na hayo masaa yanapatikana kwa kugawanya matumizi ya mwaka kwa kilele, yaani umeme mwingi kabisa ambao kiwanda kimewahi kuvuta kwa mpigo mwaka huo. Tuseme kiwanda kinatumia megawati-saa 72,000 na kilele chake ni megawati 10, hapo ni masaa 7,200, kiko salama. Usiku mmoja wa upepo kikaongeza megawati 2 kusaidia gridi, kilele kinakuwa 12, masaa yanaanguka mpaka kama 6,000 na punguzo la mwaka mzima linaondoka. Kwa usiku mmoja jamani! Nani atathubutu?

Kwa hiyo kwenye SINTEG, mpango wao wa kujaribisha mifumo ya nishati kwenye maeneo matano, serikali ikatoa amri maalum 2017: washiriki walipe ada kama kawaida, afu hasara iliyotokana na kusaidia gridi warudishiwe. Kiwanda cha shaba cha Aurubis hapo Hamburg kikafunga boila ya umeme ya megawati 10 ya kutengeneza mvuke. Ni kweli makaratasi ya kudai marejesho yaliwachosha wengi, ila kilichotakiwa kuonekana kilionekana, kwamba viwanda vinaweza kufuata upepo kanuni ikiwaachia.

Halafu? Amri ikaisha muda wake katikati ya 2022 na ile kanuni ya masaa 7,000 ikabaki palepale. Mpaka 2024 ndo mdhibiti wao, Bundesnetzagentur, akatoa mapendekezo ya kuibadilisha, miaka saba baada ya amri ya majaribio, na muda wote huo kiwanda kilichokuwa tayari kutumia upepo wa ziada kiliendelea kulipwa punguzo kwa kutougusa.