Runinga Haijazi Vyumba

Wiki jana nililetewa maombi mengine ya ufadhili niyakague kabla hayajafika kaunti. Kurasa 42, karatasi nzito, Fort Jesus kwenye jalada. Ukurasa wa tatu umeandikwa hivi: tamasha litarushwa mubashara, litatazamwa na watu milioni 50, kwa hivyo utalii wa Mombasa utapanda. Hiyo "kwa hivyo" ndiyo inayonikosesha usingizi. Kazi yangu ni kuandaa na kukagua maombi ya aina hii, na mwaka huu nimeikuta mara nne, kila mara imesimama peke yake pasipo hata mstari mmoja wa kuishikilia.

Kutazama si kusafiri. Mtu yuko sebuleni kwake Jyväskylä, Finland, anaangalia mbio za magari za Safari Rally, anaona vumbi la Kedong, karibu na Naivasha, anasema nchi ile ni nzuri, anazima runinga na kulala. Ili afike Naivasha anahitaji likizo, nauli, na sababu ya kuchagua huku badala ya kwingine. Ukimhesabu kama mtalii kwa kuwa macho yake yalikuwa kwenye skrini, umejidanganya, na umewadanganya wawakilishi wadi watakaopiga kura juu ya pesa ambazo zingenunua dawa za zahanati.

Kuna na ile hesabu ya "thamani ya matangazo": dakika tulizoonekana hewani, zidisha kwa bei ya tangazo la biashara, unapata mabilioni. Nikiikuta naikata kwa kalamu nyekundu. Tangazo la biashara husema unachotaka wewe. Matangazo ya mubashara husema kilichotokea.

Waliokuwa Mombasa tarehe 24 Machi 2007 wanaelewa. Tulipewa mashindano ya dunia ya mbio za nyika, dunia nzima ikitazama, kwenye uwanja wa gofu kando ya bahari. Kenenisa Bekele, aliyekuwa ameshinda mbio zote mbili ndefu na fupi miaka mitano mfululizo, aliacha katika mzunguko wa mwisho. Zersenay Tadese wa Eritrea akashinda. Picha iliyobaki vichwani mwa watu ni ya wanariadha walioishiwa nguvu kwa joto na unyevu wa Machi. Hakuna aliyedanganya, Machi yetu ndivyo ilivyo. Lakini hakuna kampuni ya matangazo ambayo ingekuandikia bili ya picha hizo kama za kuvutia wageni.

Sasa nifike kwenye linaloniuma zaidi, maana hapa ndipo hata watu wenye akili nyingi huteleza: vyumba.

Muombaji huandika, "hoteli zitajaa." Namuuliza, zingekuwaje bila wewe? Kimya. Chukua hoteli ya vyumba 80. Wikendi ya Pasaka imeshauza 76 hata kabla hujaota tamasha lako. Unakuja, inajaa 80. Ulicholeta ni vyumba 4. Na huenda hata hivyo 4 hukuvileta, kwa sababu bei ilipopanda ile familia ya Nairobi inayokuja kila Pasaka kwa treni, watoto watatu na nyanya yao, iliahirisha ikabaki nyumbani. Familia ile hukaa siku tano, hula nje, hupanda tuktuk, hununua vikoi. Mgeni wako wa tamasha amelala usiku mmoja. Hoteli imejaa kweli, meneja amepiga picha ya maegesho, na mji umepoteza.

Safari Rally iliporudi kwenye mashindano ya dunia mwaka 2021, baada ya miaka 19, ilifanyika Juni. Mwaka 2024 ikaangukia Pasaka, tarehe 28 hadi 31 Machi. Mimi ni mpenzi wa rali tangu utotoni na sipingi Naivasha kuwa mwenyeji. Nasema tu kwamba Pasaka Naivasha hujaza watu wa Nairobi hata pasiwe na gari hata moja la mashindano, kwa hivyo anayehesabu vitanda vyote vya wikendi ile kama faida ya rali anahesabu na vya wenyewe. Rali ina kitu tamasha la ukumbini halina: helikopta ikipiga picha, gari likikata uwanda, pundamilia wakitawanyika. Mandhari ndiyo mchezo wenyewe. Ukumbi uliofungwa wenye taa za zambarau unaweza kuwa Mombasa, unaweza kuwa popote.

Kwa hiyo jiji likitoa pesa lidai picha. Nembo kwenye bango haisaidii. Niliwahi kusimama kwenye shindano moja la ufukweni, nikaangalia bango la kaunti lililofungwa kwa kamba kwenye uzio, nyuma ya jukwaa la majaji. Saa tatu nzima kamera haikugeuka upande ule hata mara moja. Pesa zilikuwa zimeshalipwa. Mkataba haukutaja popote kwamba jiji litapewa picha za kutumia baadaye, na mwandaaji, ambaye sitamtaja, alipoombwa alisema haki zote ni za kituo cha runinga. Siku hizi naandika wazi: picha za angani za mji wa kale na kivuko cha Likoni, sekunde kadhaa kabla ya kila mapumziko, na haki ya kuzitumia tena miaka mitatu bila malipo. Kituo hulalamika. Mwishowe hukubali, kwa sababu picha hizo zinapamba kipindi chao pia.

Kalenda ya bajeti naipitia haraka kwa kuwa iko kwenye sheria na kila mtu anaweza kuisoma. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufika bunge la kaunti kufikia 1 Septemba, waraka wa mkakati wa fedha 28 Februari, makadirio 30 Aprili. Tamasha la Mei 2028 liko ndani ya mwaka wa fedha unaoanza Julai 2027, kwa hivyo mahali pake ni mpango wa Septemba 2026. Anayekuja Novemba akitaka pesa za Februari anaomba bajeti ya ziada, na huko anagombania na barabara. Askari wa kaunti, zimamoto na wafagiaji nao ni pesa, waandike.

Kuna jambo silijui vizuri na sitalificha. Hata nikipata kila nilichotaja hapo juu, siwezi kukuthibitishia kwamba mgeni aliyeshuka uwanja wa ndege wa Moi mwaka wa pili alikuja kwa sababu ya runinga. Tukimuuliza pale anasema "rafiki aliniambia." Na rafiki aliona wapi? Pengine kwenye runinga. Nimejaribu madodoso ya aina mbalimbali na bado sina jibu linaloniridhisha.

Na kuna lingine. Basel, Uswisi, tarehe 24 Novemba 2024, wananchi walipiga kura kama jimbo lao litumie karibu faranga milioni 35 kuandaa Eurovision, shindano la nyimbo la Ulaya linalorushwa kwenye runinga. Asilimia 66.6 walikubali. Nimejiuliza sana ni wangapi kati yao walikuwa wakiwaza hoteli, na wangapi walitaka tu kuona mji wao umevaa vizuri kwa wiki moja. Kama hiyo ya pili ndiyo sababu, ni sababu halali kabisa. Watu wa mitaa yetu ya Mombasa, Kisauni na Changamwe, pia wana haki ya furaha. Lakini basi iandikwe hivyo kwenye maombi, na ipelekwe kwenye ushirikishwaji wa umma kwa jina lake, wananchi waseme wanaitaka kwa bei gani.

Kijana wa zile kurasa 42 nimemrudishia. Nimemwambia, mdogo wangu, mali bila daftari huisha bila habari. Chukua daftari, anza Nyali, malizia Mtwapa. Kila nyumba ya wageni uliza swali moja: wikendi kama hii mwaka jana ulikuwa na vyumba vingapi vitupu? Usiulize Desemba. Uliza Mei na Juni, mvua zinaponyesha na wapishi wanapopewa likizo bila malipo. Jana jioni amenitumia picha ya ukurasa wa kwanza. Nyumba tisa, vyumba 112, vitupu 71. Nimempigia simu papo hapo.