Kusoma Kihispania kulekule Uhispania wakati wa kiangazi: mnayoambiwa na hali halisi

Kila ikifika mwezi wa pili wa tatu hivi naanza kupokea meseji za watu wanaotaka kwenda Uhispania Julai au Agosti kusoma lugha na fasihi yao, na maswali ni yaleyale kila mwaka, nusu yake yametoka kwa mtu aliyesikia kwa mtu. Mimi nilikaa Salamanca, mji wa chuo kule Uhispania, Julai nzima, darasani kila asubuhi, kwa hiyo ngoja niyajibu yote hapa.

"Wiki nne tu unarudi unaongea kama wao"

Hapana jamani. Masaa manne kwa siku, siku tano kwa wiki, wiki nne, piga hesabu, ni masaa 80. Aliyekuja hajui kitu aliondoka anaagiza kahawa, anauliza njia, anajieleza kidogo na mama mwenye nyumba, na hiyo si haba kabisa. Ila waliochanua ni wale waliosoma kwanza nyumbani miezi sita au zaidi, wakaja na vitenzi vya wakati uliopita kichwani. Siku ya kwanza mnapewa mtihani wa kuwapanga madarasa kuanzia A1, ngazi ya asiyejua kitu, mpaka C2, ngazi ya juu kabisa, sasa ukifika na A2 yako mkononi, yaani ngazi ya pili, zile wiki nne zinaanzia pale mwenzako anapomalizia.

"Barua ya chuo ikishatoka, visa ni yako"

Barua ni karatasi moja kati ya nyingi. Kozi isiyozidi siku 90 kwa kawaida unaombea visa fupi ya Schengen, ile ya nchi za Ulaya zinazotumia visa moja, na utaonyesha pesa ya kujikimu, pa kulala, tiketi ya kurudi, na bima ya afya isiyopungua euro 30,000. Unaruhusiwa kuomba kuanzia miezi 6 kabla ya safari, kwa hiyo kozi ya Julai Januari tayari unaweza kuanza, usingoje Mei ndo uanze kutafuta apointimenti wakati kila mtu anakwenda Ulaya. Na hili wengi hawaambiwi: ada ya visa kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, lakini sheria yenyewe ya Schengen inawasamehe wanafunzi wanaosafiri kwa ajili ya masomo, kwa hiyo kama ni mwanafunzi uliza kabla hujalipa, beba na kitambulisho cha chuo chako. Mimi nililipa kwa sababu sikujua na aliyepokea fomu yangu hakusema kitu.

"Cheti cha kozi ni sawa na DELE"

Sio sawa. Cheti cha kozi kinasema ulihudhuria. DELE ni mtihani wa peke yake unaotolewa na Instituto Cervantes, taasisi ya Uhispania ya kukuza lugha yao, unajiandikisha na kulipia mbali, na ukifaulu hauishi muda wake. Kuna na mtihani mwingine wa Kihispania, SIELE, huo matokeo yake yanadumu miaka 5.

"Bila Kiingereza kizuri utapotea, na matamshi yao yatatushinda"

Hii ndo inaniuma kuliko zote maana naona watu wanakata tamaa bure. Kwanza darasa ni Kihispania tangu siku ya kwanza, mwalimu anaonyesha kwa mikono, anachora ubaoni, maisha yanaenda. Pili, wewe unayeongea Kiswahili umeshabeba nusu ya mzigo hujui tu. Irabu zao ni tano, a e i o u, zilezile zetu. Ile z ya Madrid na Salamanca ni th ya thamani, j yao inakaribia kh ya sheikh, wenzangu wengine darasani walikuwa wanatoa jasho hapo sisi tunapita.

Afu gramari sasa. Sisi hatusemi "mimi ninazungumza" kila sentensi, tunasema "nazungumza" na mtu ameshajulikana, na wao wanasema *hablo*, neno moja, imeisha. Ukipitia Kiingereza utakuwa unaweka *yo, yo, yo*, mimi, mimi, mimi, kila mahali. Nakupenda ni *te quiero*, yule anayependwa anakaa mbele ya kitenzi kama kwetu. Wanalalamika eti jinsia za nomino ni ngumu, kike na kiume, mbili tu, wakati wewe umekua na ngeli zote zile! Vitabu vizuri, *los libros buenos*, kila neno linamfuata mwenzake, hicho kitu kiko kwenye damu yako.

Na maneno yenyewe tuna ujamaa kupitia Mwarabu na Mreno. *Azúcar* ni sukari, *alcalde* ambaye ni meya katoka kwenye neno moja na kadhi wetu, *mesa* na meza, *bandera* na bendera. Wakiagana wanasema *hasta mañana*, na ile *hasta* inatoka kwenye hatta ya Kiarabu iliyotupa sisi "hata", na kwenye Kiswahili cha zamani "hata kesho" ilikuwa na maana ya mpaka kesho, yaani neno kwa neno.

Patakapokusumbua ni mkazo. Sisi mkazo wetu uko silabi ya pili kutoka mwisho, na kwao mara nyingi ni hivohivo kwa hiyo unajisahau. *Trabajo* ni nafanya kazi, *trabajó* ni alifanya kazi. Nilikuwa namweleza mama wa nyumba niliyofikia habari za marehemu baba yangu, kwamba alifanya kazi bandarini, na mkazo ukaenda mahali petu pa siku zote, akaniuliza taratibu, kwa hiyo wewe ndo unafanya kazi bandarini? Tangu siku ile, hiyo alama juu ya o siichezei.

"Kihispania safi ni cha Uhispania tu"

Kule kwenyewe hawaongei sawa, ile th hutaisikia Visiwa vya Kanari wala sehemu kubwa ya Andalusia, wala Amerika ya Kusini yote. Na msisahau kuna nchi ya Afrika ambayo Kihispania ni lugha yake rasmi, Guinea ya Ikweta, iliyopata uhuru 12 Oktoba 1968. Wana waandishi wao. María Nsué Angüe alitoa riwaya yake *Ekomo* mwaka 1985, mwanamke wa Kifang, kabila la huko, anasimulia, na niliposema nataka kuandika insha juu yake mwalimu alifurahi mpaka akanitafutia nakala.

"Fasihi waachie waliobobea"

Hapa ndo watu wanapoteza utamu wote wa safari. Chuo cha Salamanca kimeanza 1218, mji huohuo ndo ilipochapishwa gramari ya msomi Nebrija mwaka 1492, gramari ya kwanza ya Kihispania kuchapishwa, na wewe uende pale ukajaze mapengo ya vitenzi tu?

Chukua *Lazarillo de Tormes*, 1554, mwandishi hajulikani mpaka leo. Kitabu kifupi, mtoto maskini anapewa akamtumikie kipofu, njaa tupu na ujanja, ukiwa umekulia hadithi za Abunuwasi unaingia mara moja, ila hapa njaa ni ya kweli inauma. Wakitoka mjini Salamanca wanafika darajani kwenye sanamu ya mnyama wa jiwe kama fahali, kipofu anamwambia mtoto weka sikio hapo utasikia kelele ndani, mtoto anaweka, kipofu anamgongesha kichwa kwenye jiwe.

Hilo daraja la Warumi lipo. Na fahali yupo. Tulisoma ule ukurasa asubuhi, matoleo yaliyorahisishwa ya A2 yapo, jioni nikashuka mpaka mtoni mwenyewe, saa tatu na nusu usiku jua bado linawaka maana Julai kule linazama karibu saa nne. Yule fahali siku hizi hana kichwa, umebaki mwili tu, jiwe limelika na bado lilikuwa na joto la mchana nilipoweka kiganja. Nikaisoma ile sehemu tena palepale, kwa sauti, polepole, na kwa mara ya kwanza sikuitafsiri kichwani.