Tone la maji ya bwawa chini ya hadubini: maswali na majibu

Nimeweka tone la maji ya bwawa kwenye slaidi, naona vumbi tu. Nimekosea wapi?

Huenda uliteka maji ya katikati. Wakazi wa bwawa hupenda utelezi, basi kamua jani lililooza au bonge la mwani juu ya slaidi, funika kwa kioo chembamba, uanze na ukuzaji wa mara 40. Wengi hurukia 400 papo hapo wakaishia kutazama ukungu. Punguza na mwanga pia. Viumbe hawa wanapitisha nuru, ukizidi hawaonekani.

Kuna kimoja kinapita mbio, kina umbo la soli ya kiatu. Ni nini?

Bila shaka ni paramesiamu. Urefu wake ni kama robo milimita, na mwili mzima una vinyweleo, yaani silia, vinavyopiga maji kama makasia. Akigonga kitu hurudi kinyumenyume, hugeuka kidogo, hujaribu tena. Mtegee nyuzi mbili tatu za pamba ili atulie. Hapo utaona vifuko viwili vyenye miale kama nyota vikijaa na kujikamua, kimoja huku, kingine kule. Ni pampu zake za kutoa maji yanayomwingia bila kukoma.

Na wengine nitawatambuaje?

Tazama mwendo kabla ya umbo. Amiba hutambaa kwa kujimimina, hana sura maalumu. Yuglena ni kijani, ana doa jekundu upande wa mbele na mjeledi mmoja. Vortisela ni kengele juu ya uzi. Ukigusa slaidi, uzi hujikunja ghafla kama springi. Rotifa, ninayempenda kuliko wote, ana taji la silia linaloonekana kama magurudumu mawili yanayozunguka, ingawa hakuna kinachozunguka.

Kati ya hawa, nani huleta maradhi?

Hao niliowataja, hakuna wa kukutia hofu. Wanaoua kwa maji machafu mara nyingi ni wadogo mno: bakteria wa kipindupindu ana urefu wa mikroni (elfu moja ya milimita) chache tu, na kwa 400 ni kijinukta kisichokuambia jina lake. Giardia, kimelea cha kuharisha, akiwa ndani ya ganda lake ana mikroni kama 10. Virusi hata usiwatafute kwa hadubini ya mwanga. Kwa hiyo tone lisilo na kitu si ushahidi kwamba maji yanafaa kunywewa. Chemsha hadi yatokote kwa nguvu, dakika nzima, au tatu ukiwa nyanda za juu sana.

Wapo wawili wa kuangaliwa. Saiklopsi, mwenye jicho moja na, kwa jike, vifuko viwili vya mayai mkiani, ndiye anayebeba lava wa mnyoo wa Guinea; mtu humeza akinywa. Yeye huzuiwa hata kwa kuchuja kwa kitambaa chenye nyuzi zilizobanana. Wa pili ni serkaria, kijidudu chenye mkia wa panda kinachotoka kwa konokono. Baadhi huleta kichocho kwa kupenya ngozi, wengine ni wa ndege na huishia kukuwasha tu. Kwa kutazama mkia huwezi kuwatofautisha.

Nilichovya mkono bwawani nikiteka maji. Nifanye nini?

Jikaushe upesi kwa kusugua na taulo, kisha nawa kwa maji safi na sabuni. Siku nyingine vaa glavu ndefu za mpira, na usinyonye bomba la kuvutia maji kwa mdomo. Kama kichocho kipo eneo hilo, mweleze daktari, lakini kupima kesho yake hakusaidii: mayai huanza kuonekana baada ya wiki kadhaa. Kwa kichocho cha mkojo, mtaalamu wa maabara hutafuta yai lenye mwiba kwenye ncha yake. Kwa kile cha utumbo kinachoitwa mansoni, mwiba uko ubavuni.