Bei ya Nyumba Ikishuka, Imeshuka Kutoka Wapi?

Kazi yangu ni kuthamini nyumba na viwanja hapa Mombasa. Kila Jumatatu asubuhi, kabla sijatoka kwenda kukagua, hufungua jedwali ninamoandika bei zinazotangazwa na madalali, kuanzia Kizingo na Tudor hadi Nyali, Bamburi na Shanzu. Kila nyumba ina mstari wake, wenye tarehe niliyoiona mara ya kwanza, bei iliyotajwa siku hiyo na kila badiliko lililofuata. Mstari huo wa nyumba moja ndio ninaouamini. Wastani wa matangazo yote siutegemei, kwa kuwa fleti chache za kifahari zikipata wanunuzi na kuondoka sokoni, wastani wa Nyali hushuka hata kama hakuna mwenye nyumba aliyepunguza shilingi moja.

Kazi ngumu ni kuitambua nyumba. Tangazo likikaa miezi bila mteja hufutwa, kisha hurudi na picha nyingine kana kwamba nyumba imeingia sokoni leo. Niliwahi kukuta fleti ya vyumba vitatu huko Nyali, iliyotangazwa kuwa mpya sokoni kwa shilingi milioni 11.8. Picha ya tatu ilionyesha dirisha la jikoni lenye nondo za rangi ya samawati, na nje yake mbuyu ambao tawi lake moja lilikatwa likabaki kigutu. Kigutu hicho nilikuwa nimekwisha kukiona. Nilipopekua jedwali nikaikuta fleti hiyo hiyo ilitangazwa miezi kumi na minne nyuma kwa milioni 14.5, kisha dalali wa pili akaitangaza kwa milioni 13.2. Kwa hesabu ya haraka, bei ilikuwa imeshuka kwa karibu asilimia 19.

Baadaye nilitumwa kuithamini, na mzee mwenye nyumba akaniambia: "Mwanangu, hiyo milioni 14 na nusu hata mimi niliisikia kwa watu. Mimi nilitaka milioni 12, zilizozidi ni cha juu cha dalali." Kwa maneno mengine, sehemu kubwa ya ule mshuko ilikuwa ni cha juu kinachoondolewa polepole, na mwenye nyumba mwenyewe alikuwa amelegeza laki mbili tu. Tangu siku hiyo nimeongeza safu ya jina la dalali, na mshuko unaotokea nyumba inapohama mikono ya madalali siuhesabu pamoja na ule unaotokea kwa dalali yule yule.

Nyumba za ufukweni zina mtego wao, kwa sababu baadhi hutangazwa kwa dola. Januari 2024 dola moja ilikuwa karibu shilingi 160, na kufikia Aprili mwaka huo ilikuwa karibu 130. Nyumba ya dola 150,000 ilitoka shilingi milioni 24 ikawa milioni 19.5, na muuzaji hakugusa chochote. Anayelipwa mshahara wa shilingi aliona nafuu ya kweli, lakini ingekuwa kosa kuandika kwamba wauzaji wa Nyali wamelegea. Kwa hiyo mimi huandika bei kwa sarafu iliyotangazwa, na ubadilishaji naufanya kando.

Kinyume chake kipo pia. Oktoba 2022 mfumuko wa bei nchini Kenya ulifika asilimia 9.6. Muuzaji aliyeshikilia milioni 10 zake mwaka mzima wakati kama huo amepunguza bei bila kujua, kwa kuwa milioni hizo zimepungua thamani, ingawa tangazo lake linaonekana halijasogea.

Juu ya yote hayo, bei inayotangazwa si bei ya kufungia. Hapa kwetu tangazo huandikwa "bei inazungumzika", na kinacholipwa hasa hubaki kati ya mnunuzi, muuzaji na mawakili wao. Hata ushuru wa stempu, yaani kodi ya serikali nyumba inapohamishwa kwa mmiliki mpya, ambao mjini ni asilimia 4, hukadiriwa baada ya mthamini wa serikali kutoa thamani yake mwenyewe. Ndiyo maana jedwali langu lina safu ya mwisho ya bei ya kufungia, ambayo mingi ya mistari yake iko tupu. Ninaijaza kila mara mnunuzi au muuzaji anapokubali kunitajia, na wakishakubali huwauliza pia dalali alitaja ngapi siku ya kwanza.